Nani Anazihesabu Siku za Maumivu?



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za ziada, vifaa vya kujikinga, na watu wanaofukuzwa kazi bila notisi. Safari hii tunaandika juu ya ugonjwa, tena ugonjwa wa wanawake, na twajua wapo wazee wa kazi watakaofunua ukurasa wa pili upesi. Tunawaomba wasifunue. Jambo hili halikutufikia kwa njia ya hospitali. Limetufikia kwa njia ya mashauri ya kazi, moja baada ya jingine, na kwa hiyo ni letu.

Mashauri yenyewe yanafanana. Mwanamke anafanya kazi vizuri wiki tatu. Wiki ya nne haonekani siku moja, pengine mbili. Mwezi unaofuata ni hivyo hivyo. Daftari la zamu linaandika "hayupo", kisha tena "hayupo", na mwezi wa tano msimamizi anaandika barua. Katika shauri moja la hapa Makindye, la mama mmoja anayefanya usafi katika jengo la maofisi, msimamizi alimwuliza mbele yetu, "Nyabo, ni ugonjwa gani huu unaofuata kalenda?" Mama akamjibu, "Ssebo, ndio huo huo unaofuata kalenda." Watu walicheka. Lakini katika kikao kile chote hapakuwa na jibu lililokuwa la kitaalamu kuliko hilo.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita endometriosisi. Ndani ya mji wa mimba kuna utando ambao kila mwezi hunenepa, na mimba isipoingia, hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye ugonjwa huu, chembe zinazofanana na utando ule huota nje ya mji wa mimba: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija, kwenye kibofu, kwenye utumbo mkubwa, na mara chache mpaka kifuani. Nazo hufuata homoni za mwezi kama zile za ndani. Huvimba, huvuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hubaki ikiwasha, hufanya makovu, na makovu hugandisha kiungo hiki na kile. Ndipo huja maumivu ya hedhi ambayo si yale ya kawaida ya kunywa chai ya moto na kuendelea, maumivu ya kwenda haja, maumivu katika mambo ya mume na mke, uchovu usioisha kwa kulala, na kwa wengi taabu ya kushika mimba.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba wanaougua ni watu kama milioni 190, yaani mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa. Dawa ya kuung'oa kabisa haipo. Zipo dawa za kutuliza maumivu, zipo za homoni za kuuzuia usisonge mbele, na upo upasuaji. Yale maneno ya "ukizaa itaisha" hayana msingi, ijapokuwa wapo wanaopata nafuu wakiwa na mimba.

Mmoja katika kumi, ndugu. Tawi lenye wanawake 60, ukienda kwa wastani, ni wanawake 6. Kila katibu wa tawi na ajiulize anawajua wangapi.

Hatuwajui kwa sababu jambo lenyewe limefunikwa. Katika Luganda mwanamke aliye hedhini husemwa yuko katika "nsonga", yaani ana shughuli zake, na anayestahili kuzungumza na binti juu ya shughuli hizo ni ssenga, dada wa baba yake. Ssenga mwema humfundisha binti mambo mengi, lakini kuvumilia ni katika mafundisho ya kwanza. Ndugu zetu wa pwani wana neno "chango", nalo limebeba kila kitu: tumbo la hedhi, mimba kuharibika, ugumba, na hata maumivu ya kiuno. Neno linalobeba kila kitu halimsaidii daktari kujua ni kitu gani. Shirika hilo hilo linasema kwamba katika nchi nyingi, kuanzia dalili za kwanza mpaka mtu aambiwe jina la ugonjwa wake, hupita miaka 4 hadi 12. Huo ni muda wa mtoto kuingia shule ya msingi na kutoka.

Na wataalamu wenyewe walichangia kuuficha. Katika miaka ya 1930 na 1940 madaktari wa Marekani waliandika kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa kizungu wenye uwezo, wanaochelewa kuolewa na kuzaa, na baadaye ukaja kuitwa ugonjwa wa wanawake wenye kazi za vyeo. Mwanamke mweusi aliyelia tumbo aliambiwa ana maambukizi ya nyonga, na kila mtu anajua maneno hayo yanamwekea mwanamke jina gani mtaani. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha aliyoyaona alipowatazama wagonjwa wake weusi kwa chombo cha kuonea ndani ya tumbo: zaidi ya mmoja katika kila watano walikuwa na endometriosisi, na baadhi yao walikuwa wameambiwa kwamba wana maambukizi. Imepita nusu karne tangu hapo, lakini uvumi wa kwamba Waafrika hawaugui bado tunausikia.

Afrika ya Mashariki tunayo majina ya kuuzima uvumi huo. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani kueleza jinsi alivyopasuliwa mara nyingi kwa ajili ya ugonjwa huu, na akawa mmoja wa watu wa kwanza wenye jina kubwa kwetu kuusema kwa kinywa kipana. Kenya alikuwako Njambi Koikai, mtangazaji wa muziki wa rege, ambaye kwake ugonjwa uliingia kifuani na mapafu yake yakawa yanaanguka. Mwaka 2018 alikwenda Marekani kutibiwa, akarudi akawa anasema wazi wazi bila haya kwa niaba ya wengine, na akafariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024. Alikuwa mtu wa kazi ya sauti, ugonjwa ukamshika mahali pa pumzi.

Sasa tuingie katika kiini cha makala hii, nacho ni kupima.

Tajiri akitaka kujua hasara ya mashine iliyoharibika, anapima. Anaandika saa iliyosimama, anazidisha na mali ambayo ingetoka. Kwa mwanamke mgonjwa hakuna kinachopimwa ila jambo moja tu, kuwapo au kutokuwapo. Na hospitali nayo, tukisema kweli, kwa muda mrefu ilipima jambo jingine moja tu, yaani kilichoonekana tumboni. Madaktari wanao mpango wa madaraja manne uliotengenezwa Marekani na kurekebishwa mwaka 1985. Mpasuaji anatazama ndani, anahesabu madoa na makovu, anatoa alama. Alama 1 mpaka 5 ni daraja la kwanza, na zikipita 40 ni la nne. Ni mpango mzuri kwa mpasuaji. Lakini yametokea haya, na yamethibitishwa tena na tena: daraja halilingani na maumivu. Yuko mwanamke wa daraja la nne ambaye hakujua lolote mpaka alipotafuta mtoto akakosa. Na yuko wa daraja la kwanza ambaye kila mwezi anatambaa sakafuni.

Fikirini maana yake kwa mfanyakazi. Anapata fedha kwa shida, anafanyiwa uchunguzi, karatasi inaandikwa "kidogo". Karatasi hiyo inafika ofisini. Msimamizi anasoma "kidogo" na kusema, hata daktari ameona ni kidogo. Ameona kidogo tumboni, hakuyaona maisha ya mtu.

Kwa hiyo wataalamu walianza kutafuta kipimo cha kile wanachokiita ubora wa maisha. Maneno haya yasiwatishe. Shirika la Afya Duniani linayaeleza kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, katika mila na desturi anamoishi, na akilinganisha na anayoyatazamia. Neno zito hapo ni "mwenyewe". Anayepima ni yule anayeumwa. Kazi ya mtaalamu ni kumpa rula iliyonyooka.

Zilikuwapo rula za jumla. Moja ina maswali 36, ilitengenezwa Marekani kwa magonjwa yote, na inatumika mpaka leo. Inauliza kama unaweza kupanda ngazi, kama una nguvu, kama una huzuni. Lakini haiulizi kama watu wanakuamini, wala haiulizi juu ya mtoto ambaye hajapatikana. Huko Oxford, Uingereza, Georgina Jones na wenzake wakafanya jambo ambalo sisi watu wa vyama tunalipenda: walianza kwa kuwakalisha wanawake wagonjwa 25 na kuwasikiliza. Kutokana na maneno yao wakatunga maswali, wakayajaribu kwa wengine wengi, wakatupa yaliyorudia, na mwaka 2001 wakachapisha karatasi ya maswali 30 ya ugonjwa huu peke yake. Kwa Kiingereza inaitwa kwa kifupi EHP-30.

Maswali yote yanahusu wiki 4 zilizopita, na kila moja lina majibu matano, kuanzia "hata mara moja" mpaka "siku zote". Jibu la kwanza ni 0, la mwisho ni 4. Maswali 11 ni ya maumivu, lakini hayaulizi "unaumwa kiasi gani?" Yanauliza maumivu yamekuzuia nini: kusimama, kukaa, kutembea, kazi za nyumbani, kulala usingizi, kula, kwenda kwenye shughuli za watu. Sita ni ya kuona kwamba ugonjwa ndio unaotawala na wewe unafuata. Sita ya moyo, yaani huzuni, kulia, hasira. Manne ya watu wanaokuzunguka, kama wanakuelewa au wanaona unalalamika tu. Matatu ya jinsi unavyojiona, hata mavazi, kwa maana tumbo huvimba na nguo haivaliki.

Hesabu yake mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Maumivu yana maswali 11, kila moja kwa juu ni 4, jumla ya juu ni 44. Tuseme mama fulani majibu yake yamefika 33. Unagawanya 33 kwa 44, unazidisha kwa 100, unapata 75. Sifuri ni hali njema kabisa, 100 ni hali mbaya kabisa. Akianza dawa, baada ya miezi kadhaa anajaza tena. Akiwa amefika 22, ni 50. Nafuu imeonekana kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyefungua tumbo la mtu.

Kuna sehemu ya ziada ya maswali 23 kwa wale yanaowahusu: watoto, mambo ya unyumba, madaktari, matibabu, kutopata mimba, na kazi. Ya kazi ni matano. Yanauliza kama umelazimika kukosa kazi kwa maumivu, kama umeshindwa majukumu yako, kama umeona haya kwa dalili zako mbele ya wenzako, kama umejiona mwenye hatia kwa kukosa kazi, kama una wasiwasi kuwa hutaiweza kazi yako. Tulipowasomea maswali hayo wanachama wachache kwa Kiswahili chetu cha Kampala, lile la kujiona mwenye hatia ndilo lililowanyamazisha. Mmoja wao, askari wa ulinzi wa getini, alisema hajawahi kuulizwa hilo, amekuwa akiulizwa tu cheti kiko wapi.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa nchi kumi, Nigeria ikiwamo, wa wanawake 1,418 waliokuwa wakienda kuchunguzwa tumbo. Walioonekana kuwa na ugonjwa walikuwa wakipoteza kwa wastani saa 10.8 za kazi kila wiki. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya saa 8. Lakini sikilizeni sehemu iliyobaki, maana ndiyo inayotuhusu: saa nyingi katika hizo hazikuwa za kutokuja kazini. Zilikuwa za kuja. Mtu amefika, amepiga sahihi, amesimama mahali pake, na anafanya kazi kwa nguvu pungufu huku ameuma meno. Daftari la zamu linaandika "yupo".

Hapo ndipo daftari la zamu linapowadhulumu mara mbili. Siku mbili alizokosa zinaandikwa kwa wino mwekundu. Siku sita alizokuja akiumwa, akajikaza ili asizidishe zile mbili, haziandikwi popote. Sisi tunaona kwamba mwanamke huyu ni mfanyakazi hodari kuliko yule asiyeumwa, na tutasema hivyo mezani.

Lakini hatutaki kuichukua rula ya Oxford kama ilivyo na kuiangusha Makindye. Maswali yake yalitoka katika midomo ya wanawake wa Uingereza. Mwanamke wa Uingereza hakuulizwa kama ameweza kubeba jerikeni kutoka bombani mpaka juu ya kilima cha Lukuli. Hakuulizwa juu ya bodaboda, na kila mwenye ugonjwa huu atakueleza mashimo ya barabara yanavyoingia tumboni. Hakuulizwa kama kazini kuna choo chenye maji na mlango unaofungika, wala kama amenunua pedi au ametumia kitambaa. Na yale maswali matano ya kazi yanamfikiria mtu mwenye kazi ya kuandikwa. Mama anayeuza samaki Ggaba hana wa kumpa cheti. Siku asipokuja, samaki hawamngojei, na kama amemwomba mtoto wa dada yake amkalie kibandani, kuna fedha ya kumpa. Vibarua wanaolipwa kwa siku ni hivyo hivyo: siku ya maumivu ni siku ya kutokula. Kwa hiyo tungeongeza yetu. Katika wiki 4 zilizopita ni siku ngapi ulifanya kazi ukiwa na maumivu? Ni siku ngapi ulikosa ujira? Ulilipa nani akushikie kazi, na kiasi gani? Shilingi ngapi zilikwenda kwenye vidonge?

Lugha nayo ina mitego. Chukueni neno "mara kwa mara". Kwa mmoja ni mara nyingi, kwa mwingine ni mara moja moja. Ukiliweka katika majibu matano, mwenye taabu nyingi na mwenye taabu kidogo wataweka alama mahali pamoja, na hesabu yote itaharibika. Heri "mara chache", "mara nyingine" na "mara nyingi", kisha uwaulize wanawake wenyewe kila moja wanalielewa vipi, kwa Luganda, kwa Kiswahili cha reli na cha kambi, na kwa lugha za kaskazini wanazozungumza wengi wa Namuwongo. Wataalamu hufasiri kwenda, kisha humpa mtu mwingine afasiri kurudi, wakaona kama maneno yamepotea njiani. Serikali ilikubali mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni. Ni vema, lakini wanachama wetu wa leo walikwisha kutoka shule zamani.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja wa kazi mfululizo haki ya mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi atoe taarifa mapema awezavyo na alete cheti cha daktari akitakiwa. Ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Ukiisoma unaona mwandishi wake alifikiria ugonjwa unaokuja mara moja, ukamlaza mtu, kisha ukaondoka au ukambakiza. Hakufikiria ugonjwa wa siku mbili kila mwezi kwa miaka ishirini. Cheti kwa kila siku mbili maana yake ni nauli, foleni, na ada ya kumwona daktari, kila mwezi, ili kuthibitisha jambo ambalo daktari yule yule alilithibitisha mwezi uliopita. Katiba ya 1995 katika ibara ya 33 inaitaka Serikali iwalinde wanawake kwa kujali hali yao ya pekee na maumbile yao ya uzazi, na ibara ya 40 inazungumza juu ya kazi katika mazingira ya usalama na afya. Milango ipo. Haijabishwa hodi kwa ajili ya jambo hili.

Majirani wamebisha. Zambia, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2019, inampa kila mfanyakazi mwanamke siku moja ya mapumziko kwa mwezi, bila cheti na bila kueleza sababu. Wanaiita Siku ya Mama. Japani wana ruhusa ya hedhi katika sheria tangu 1947, na Hispania waliweka yao mwaka 2023. Tunaipenda ile ya Zambia kwa kuwa haimlazimishi mtu kujieleza mbele ya msimamizi. Lakini siku moja kwa wote ni nguo ya kipimo kimoja. Kuna asiyeihitaji, na kuna ambaye siku moja haimfikishi popote. Na katika majadiliano ya hapa kwetu, tajiri atasema, nikiwapa wanawake siku 12 kwa mwaka nitaajiri wanaume. Tumekwisha kuyasikia maneno hayo, tena kutoka kwa mwanamke mwenzao. Jibu lake ni hesabu ya saa zile zinazopotea watu wakiwa kazini. Kiti kwa mlinzi wa getini ni bei ya mara moja. Kubadilishana zamu hakuna bei. Cheti kimoja cha daktari kinachotambuliwa kwa mwaka mzima, badala ya kipya kila mwezi, kinampunguzia hata karani wa tajiri kazi.

Kuhusu daktari, wajue wanachama kwamba si lazima tena kungoja upasuaji ndipo matibabu yaanze. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 unakubali daktari aanze dawa kwa dalili anazozisikia na kwa uchunguzi wa picha, na upasuaji ubaki kwa wale ambao picha haikuonyesha kitu au dawa hazikuwafaa. Ndiyo maana kumweleza daktari kwa mpangilio ni nusu ya matibabu. "Olubuto lunnuma", tumbo linaniuma, hayamtoshi. Karatasi ya miezi mitatu inamtosha.

Upande wa siri hatuna mzaha. Sehemu za unyumba na watoto si za kuulizwa na kiongozi wa chama, awe mwanamume au mwanamke. Hizo ni za mgonjwa na mwuguzi wake. Alama ya mtu mmoja isiingie katika faili la mwajiri hata kama mwajiri ataiomba kwa upole, kwa sababu 75 ya leo ya kuombea kiti yaweza kuwa 75 ya kesho ya kumwita mtu asiyefaa kazi. Tutakachopeleka mezani ni jumla ya mahali pengi pamoja. Na mahali palipo na wanawake watano au sita, hata jumla isitolewe peke yake, maana kila mtu atajua ni nani.

Kwa sasa tunaanza na kitu kidogo, na hakihitaji ruhusa ya mtu. Kila mwanachama mwenye maumivu haya achukue daftari la shule, hata la mtoto lililobaki kurasa. Achore mistari. Upande wa kwanza tarehe. Wa pili maumivu, kutoka 0 mpaka 10, aandike jioni, si asubuhi, ili siku nzima iwemo. Wa tatu aandike moja ya maneno matatu: "sikwenda", "nilikwenda nikaumwa", "nilikwenda nikiwa mzima". Wa nne fedha iliyotoka au iliyokosekana siku hiyo. Siku ambazo ni nzuri zisirukwe, nazo ziandikwe sifuri, kwa sababu daftari lenye siku mbaya peke yake daktari hataliamini, na mwajiri ndiye kabisa.

Asiandike jina lake juu ya jalada. Aandike namba atakayoijua mwenyewe. Baada ya miezi mitatu nakala ya safu ya tatu na ya nne tu ampe mwakilishi wa wanawake wa tawi lake, na daftari lenyewe aende nalo kwa daktari. Wasioweza kuandika wachore: duara tupu kwa siku nzima, duara la nusu kwa siku ya kwenda huku ukiumwa, duara lililojaa kwa siku ya kulala. Mwakilishi atayahesabu maduara ya nusu kwanza.